Chupa Mpya, Mstari Uleule

Wodi ya Watoto Wachanga
3 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Natumaini basi halikuwatikisa sana, na kwamba Ngumi alilala njia nzima kama alivyokuwa akilala hapa wodini huku wenzake wakipiga kelele. Wahudumu wenzangu wanamuulizia. Kile kitanda chake cha kioo tayari kina mgeni mwingine, lakini huyu mkono anaukunjua. Hana ngumi za mwanao.

Utacheka kwamba nakuandikia barua wakati simu zipo. Wifi, ninyi simu yenu mdogo wangu huiweka spika, na Mama akisikia sauti yangu anaipokonya anieleze habari za goti lake. Karatasi haina spika. Tena dawa ni jambo la kuandikwa, kwa sababu maneno ya simu huingia sikio hili yakatokea lile. Kwa hiyo kondakta wa basi la asubuhi atakuwa mjumbe wetu, nami nimeshamwonya asisome.

Sasa sikiliza. Hii dawa ya degedege ni mara moja kwa siku, saa moja asubuhi, kabla hujamnyonyesha. Tumia bomba nililokupa, lile la sindano lisilo na sindano. Kijiko usitumie hata Mama akikuambia alilelea watoto sita kwa kijiko. Nimekuchorea mstari mwekundu kwa rangi yangu ya kucha, pale kwenye mililita tatu. Vuta dawa mpaka iguse mstari, toa mapovu, kisha iingize taratibu pembeni, ndani ya shavu, siyo kooni. Usiichanganye na maziwa. Akitapika, usimrudishie nyingine kwa kukisia, piga simu wodini uulize. Na kila ukimpa weka alama kwenye kalenda, maana mama anayenyonyesha husahau hata jina lake.

Miaka ishirini na mitatu nawachorea akina mama mstari huo. Mimi si nesi, niliishia darasa la saba, lakini hapa wananiita Daktari wa Mstari na Sista Mkuu mwenyewe huniletea akina mama niwafundishe. Mstari hauongopi, wifi.

Miaka tisa tumemlilia Mungu kwa ajili ya mtoto huyu. Ametupa. Sasa tumtunze.

Wifi yako akupendaye,
Shangazi wa Ngumi

*

Nyumbani
12 Machi

Wifi,

Barua yako nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Mteja mmoja aliisoma yote akingoja sketi yake, akaniuliza kama na yeye unaweza kumchorea mstari wa kumpimia mumewe maneno.

Ngumi ananyonya vizuri. Degedege halijarudi hata mara moja. Kalenda ina alama tisa. Mdogo wako anamwogopa, anamshika kama mtu aliyepewa sinia la glasi. Mama alikuja na kijiko chake siku ya pili, akasema bomba ni la kunyweshea paka. Nikamwonyesha mstari, nikamwambia, "Hii ni amri ya binti yako." Hata hivyo kijiko hakukirudisha jikoni. Anatembea nacho mfukoni mwa kanga kama askari na kirungu.

Mimi ni fundi, wifi, kipimo nakiheshimu. Sijawahi kukata kitambaa kwa kukisia, na mwanangu sitaanza naye. Asante kwa kunifundisha mbele ya wale wanawake wengine bila kunifanya mjinga. Unakumbuka nilivyoivuta dawa ikapita mstari? Uliniambia, "Mimi nipo." Neno hilo ndilo lililonifikisha nyumbani.

Chupa itaisha tarehe ishirini na mbili. Nimehesabu. Duka la dawa la hapa halina. Utatusaidia?

Wifi yako,
Mama Ngumi

*

Wodini
18 Machi

Wifi yangu,

Chupa hii hapa. Usiogope kopo la maziwa, nimeiweka humo na kuizungushia soksi za Ngumi nilizomfumia, ili isivunjike njiani. Ilinibidi nisimame dirishani kwa mtoa dawa tangu asubuhi. Ni kijana mpya, mwenye maneno mengi kama redio. Lakini nimeipata, namshukuru Mungu. Dawa ni ileile, endelea kama tulivyofundishana.

Hivi leo wodi imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Nikipata nafasi nitakuandikia vizuri. Mwambie Mama goti apake mafuta ya moto, na kijiko akirudishe jikoni.

Wako,
Shangazi

*

Nyumbani
20 Machi

Wifi,

Kopo limefika salama, soksi zimemkaa kama alizaliwa nazo. Asante.

Nina swali na naomba usinicheke. Chupa ya kwanza imeandikwa ishirini, halafu kwa kila mililita tano. Hii mpya imeandikwa hamsini, halafu kwa kila mililita tano. Jina ni lilelile. Rangi ya dawa imekoza kidogo. Kwetu sisi mafundi, kitambaa kikibadilika upana, huwezi kukata kwa alama za zamani, hata kama gauni ni la mtu yuleyule. Sasa bado nifuate mstari? Mdogo wako ananiambia nina wasiwasi wa mama wa mtoto mmoja. Labda. Lakini sitaanza chupa hii mpaka unijibu. Ya zamani imebaki dozi mbili.

Mama Ngumi

*

Wodini
21 Machi

Wifi,

Umenichekesha hata kama uliniomba nisicheke. Namba za kwenye chupa ni mambo ya wenye viwanda, kila kiwanda na mapambo yake. Usipoteze usingizi kwa ajili ya maandishi. Wewe fuata mstari. Umenisikia? Fuata mstari.

Naandika nikiwa nimesimama, kondakta anapiga honi. Mungu awalinde.

Shangazi

*

Hospitali, kitanda namba nane
2 Aprili

Wifi,

Naandika kwenye mgongo wa kalenda.

Ngumi alianza kulala sana. Siku ya nne ya chupa mpya nilifurahi, nikasema amekuwa mtoto mtulivu. Siku ya sita akaacha kunyonya. Nikimwekea titi mdomo unabaki wazi. Jana asubuhi nilimnyanyua mkono ukaanguka. Wifi, ngumi ilifunguka. Vidole vyote vitano. Ndipo nikakimbia naye.

Wamemwekea mpira puani wa kupitishia maziwa na mashine ya kumsaidia pumzi. Daktari ameshika chupa kwenye mwanga, ameshika bomba, ameuangalia mstari, kisha akaniuliza kwa upole, upole ule wa kutisha: "Mama, nani alikuambia umpe kiasi hiki?" Dawa ni kali mara mbili na nusu kuliko ile ya kwanza. Kumbe namba haikuwa mapambo.

Nimewaambia nilifundishwa na wifi yangu, na kwamba niliuliza. Watawaandikia huko kwenu. Mama yuko kwenye kiti hapa mbele yangu, amejifunika kanga usoni. Mdogo wako amenisemesha mara moja tu, ameniuliza, "Ulifanya nini?"

Nakuomba jambo moja. Sitafuti wa kulaumu, sina hata nguvu za kulaumu. Waambie tu kwamba nilikuuliza. Basi.

Mama Ngumi

*

Wodini
6 Aprili

Mpendwa wifi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimepiga magoti. Nimefunga siku tatu kwa ajili ya mtoto wetu. Wodi nzima tunamwombea. Mungu hashindwi. Nimesikia kwa mdogo wangu kwamba jana ameanza kukohoa mwenyewe na kufungua macho. Ni dalili nzuri, nakuambia kama mtu aliyeona wengi.

Hapa kumekuwa na maswali mengi, karatasi zinapita huku na huku, unajua ofisi zilivyo. Usijali hayo. Yaache, mimi nayashughulikia. Wewe kaa na mtoto.

Nimewaza pia kuhusu barua zetu. Tumeandikiana mengi ya kike humo, mambo ya Mama na kijiko chake, ya mdogo wangu na uoga wake. Si vizuri yaonwe na watu wakati huu ambapo kila mtu ana uchungu. Ningekuwa wewe ningezichoma zote. Zangu mimi nitazichoma.

Tusameheane sisi kwa sisi, maana hakuna aliyekusudia.

Shangazi

*

Nyumbani
14 Aprili

Wifi,

Tumetoka hospitali tangu tarehe tisa. Ngumi yuko hai. Anza na hilo, kwa sababu yanayofuata ni machungu.

Mdogo wako aliletewa nakala ya karatasi kutoka wodini kwenu. Aliisoma kwa sauti mbele ya Mama, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na nepi mkononi. Imeandikwa: "Mama wa mtoto alielekezwa ipasavyo. Alipopewa chupa ya pili hakuuliza wala kutoa taarifa, akatumia kipimo kwa uamuzi wake." Chini yake kuna sahihi. Nilidhani nitaona ya Sista Mkuu. Ni yako. Nimeijua kwa ule mkia unaouvuta mwishoni, kama ulivyouvuta kwenye kadi ya harusi yangu.

Nilisoma mara tatu. "Hakuuliza." Mdogo wako aliuona wasiwasi wangu, lakini ameamini sahihi ya dada yake.

Wifi, wewe uliniombea kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine ukatia sahihi. Siku tatu ulizofunga ulikuwa unamwomba Mungu amponye mtoto, au unaomba mtoto apone ili karatasi isisomwe? Nisamehe. Hapana, usinisamehe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nashona nguo, nilipaswa kupekua mishono.

Sasa nikueleze sahihi yako imefanya nini ndani ya nyumba hii. Ngumi analala chumbani kwa Mama. Naletewa anyonye, akimaliza anachukuliwa. Kuna kikao cha ukoo Jumapili ya mwisho wa mwezi kuamua kama mtoto akalelewe kijijini na Mama, maana mimi, nanukuu mdogo wako, "siaminiki na chupa." Miaka tisa nilisemwa kwamba tumbo langu halina rehema. Nikazaa, sasa inasemwa ni mikono yangu.

Na dawa? Anampa Mama. Daktari wa huku aliandika mililita moja na nukta mbili za hii chupa kali, akatoa bomba jipya. Mama ameliweka bomba kwenye kabati. Anampa kwa kijiko, nusu kijiko, wakati mwingine zaidi kidogo ikiwa mtoto "ameamka vibaya". Nikisema neno, ananijibu, "Wewe ndiye utanifundisha?" Kila asubuhi saa moja nasimama nje ya mlango ule nikisikiliza kijiko kikigonga chupa. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi.

Ulinishauri nizichome barua. Ya kwanza ilikuwa ukutani, mvua iliilowesha ikachanika. Lakini ile ya tarehe ishirini na moja Machi ninayo. Iko ndani ya mto wa sindano zangu. Ningeweza kuitoa pale mlangoni siku ile na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, "Fuata mstari. Umenisikia? Fuata mstari." Sikuitoa. Unajua kwa nini? Nilikuwa bado nangoja uje mwenyewe. Uliniambia, "Mimi nipo."

Uko wapi?

Mama Ngumi

*

Nyumbani kwangu
19 Aprili

Mama Ngumi,

Sithubutu kukuita wifi mpaka umalize kusoma.

Nitakuambia kama ilivyokuwa, na ukiona mahali najitetea, pakate kwa mkasi wako.

Yule kijana wa dirisha la dawa aliniambia. Alisema, "Mama, ile ya zamani imekwisha, hii ina nguvu zaidi, kipimo kimebadilika." Aliandika kwenye karatasi, 1.2, akaibandika juu ya boksi. Mimi nikaitikia "ehee", kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia. Mimi, Daktari wa Mstari, nifundishwe na mtoto aliyeanza kazi juzi? Nilipofika wodini boksi halikuingia kwenye kopo la maziwa. Nikalitupa. Chupa nikaiviringisha soksi, boksi na karatasi yake vikaenda kwenye pipa. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitupa kipimo nikakutumia chupa.

Halafu ukaniuliza. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Ulikuwa umeona kila kitu, namba, rangi, hata mfano wa kitambaa ulinipa. Ningevuka uwanja tu mpaka dirishani, hatua mia moja. Lakini nilisoma swali lako nikaona aibu. Mimi desimali sizijui, Mama Ngumi. Sijawahi kuzijua. Rangi ya kucha ilinificha miaka yote hiyo. Nesi hupima, mimi naweka mstari anapopima, akina mama wananisifu. Ningekwenda kuuliza wangejua. Kwa hiyo nikakujibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Karatasi ile niliisaini mezani kwa Sista Mkuu. Aliniuliza, "Alikuuliza chochote kabla ya kuanza chupa?" Barua yako yenye swali ilikuwa mfukoni mwa sare yangu, nikiigusa kwa vidole. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikasema hapana. Nikatoka nikaenda mpaka kwenye tanuri la kuchomea taka, nikaitia humo. Nilirudi wodini nikaongoza sala ya mchana, na wenzangu wakasema leo umeomba kwa machozi.

Nilipopata barua yako ya tarehe kumi na nne, nikafika pale pa kijiko kinachogonga chupa, sikuendelea. Nilivaa viatu. Nimemwambia Sista Mkuu yote, mbele ya daktari, na karatasi mpya imeandikwa na nimeisaini. Yule kijana wa dawa alikuwa likizo na angerudi Jumatatu, naye angeulizwa; nisikudanganye kwamba hilo halikunisukuma. Lilinisukuma. Lakini kijiko kilinisukuma zaidi.

Wamenitoa kwa akina mama. Niko chumba cha kufulia mashuka mpaka wakubwa waamue. Chupa yangu ya rangi ya kucha imewekwa kwenye bahasha kama kielelezo. Akina mama sasa hawatoki bila kusoma chupa yao kwa sauti, na kila chupa mpya inaanza upya, bomba lake na kipimo chake. Sista Mkuu anasema ilipaswa kuwa hivyo tangu zamani.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya karatasi mpya, na barua mbili fupi. Moja ni ya mdogo wangu, nyingine ya Mama. Ya Mama nimeandika kwa herufi kubwa: KIJIKO HAPANA. BOMBA. ANAYEMPA NI MAMA YAKE. Wasomewe kabla ya kikao.

Siombi unisamehe. Naomba tu usimame ndani ya mlango ule, siyo nje.

Shangazi wa Ngumi, kama bado anaye

*

Nyumbani
3 Mei

Shangazi,

Mdogo wako alisoma barua yako mezani. Akaikunja. Akaenda chumbani kwa Mama, akamtoa Ngumi mapajani mwake, akaja kuniwekea mimi. Hakusema samahani. Kwenu neno hilo huwakwama kooni, nadhani ni mfupa wa ukoo. Alikwenda uani akapasua kuni ambazo hatuzihitaji mpaka mikono ikamtoka malengelenge.

Kikao hakikukaa.

Mama alikirudisha kijiko jikoni mwenyewe. Jana alinijia na miwani yake, akasema, "Hebu nionyeshe hiyo moja na nukta mbili." Nikamwonyesha. Mfamasia wa hospitali ya huku alikuwa amenikalisha kitini, akanifanya nivute maji kwa bomba mara tatu mbele yake, nami nikamkalisha Mama vilevile. Mara ya kwanza alipitisha. Mara ya tatu akaipata, akapiga kigelegele mpaka mtoto akashtuka.

Ngumi ana kilo nne na robo. Vidole amevikunja tena. Bado daktari hajui kama usingizi ule umemwachia dosari yoyote. Anasema tungoje tuone akianza kukaa na kutambaa. Kwa hiyo nangoja. Kila akichelewa kugeuza kichwa nikimwita, moyo wangu unarudi kitanda namba nane. Hilo karatasi mpya haiwezi kulifuta, na sitaki ujidanganye kwamba imelifuta.

Nimesoma pale ulipoandika hujui desimali. Nililia, kisha nikakasirika zaidi. Ningekufundisha mimi, wifi. Futi yangu ya kupimia nguo imejaa nukta. Ungekaa hapa sakafuni kwa nusu saa, tukacheka, ukajua. Ulikuwa tayari kumpoteza mtoto wangu, na mimi, na jina langu, ili nisijue jambo dogo ambalo ningekupenda nalo.

Usije kwa sasa. Nitakuita nikiweza.

Bomba lako lenye mstari nalirudisha, limo ndani ya kopo la maziwa. Barua yako ya tarehe ishirini na moja nayo naituma. Mimi sina haja nayo tena. Lakini jibu lisilo na swali ni nusu ya ushahidi, na swali langu ulilitia motoni. Nalikumbuka lote. Naliandika tena hapa chini, na safari hii vuka uwanja kwanza, nenda dirishani, kisha unijibu:

Wifi, chupa ya kwanza imeandikwa ishirini, hii mpya imeandikwa hamsini. Bado nifuate mstari?

Mama Ngumi